Kutoka Pemba hadi Dodoma: tiketi tatu kwa safari moja

Mtu wa Pemba anayetaka kufika Dodoma hana chombo kimoja cha kumfikisha. Atapanda gari hadi bandari ya Mkoani, kusini mwa kisiwa, atavuka kwa boti au meli hadi Unguja, atapanda boti nyingine hadi Dar es Salaam, na hapo ndipo atakapokutana na treni. Tangu treni ya umeme ilipoanza kubeba abiria hadi Dodoma, tarehe 25 Julai 2024, nimekuwa nikisikia barazani kwetu kwamba Dodoma sasa imekuwa karibu. Imekuwa karibu kweli, lakini kwa mtu aliyekwisha kufika Dar es Salaam. Kwetu sisi wa visiwani safari haikupungua kwa kiasi kile kile, kwa sababu muda wetu mwingi hauliwi na bahari wala reli, bali unaliwa na zile saa za kungoja baina ya chombo na chombo, ambazo hakuna mwenye chombo hata mmoja anayezihesabu kuwa ni zake.

Naandika kwa ajili ya ndugu na jamaa wanaoniuliza kila mara njia ipi iliyo nafuu, hasa wazazi wanaosindikiza watoto Chuo Kikuu cha Dodoma, watu wanaopeleka wagonjwa Hospitali ya Benjamin Mkapa, na wale wenye mambo yao katika wizara za Muungano. Nauli na ratiba hubadilika, kwa hiyo sitaziorodhesha hapa. Atakayetaka saa kamili aulize kwa wenye vyombo siku chache kabla ya kuondoka. Ninachotaka kueleza ni namna vyombo hivi vinavyoungana na mahali vinapokataa kuungana.

Makao makuu yalipokuwa Dar es Salaam, mtu wa visiwani aliyeshuka botini alikuwa amekwisha kufika. Wizara nyingi zilikuwa Kivukoni, Magogoni na mitaa ya jirani, mwendo wa miguu kutoka gatini, na mwenye shida ndogo aliweza kuimaliza asubuhi na jioni akawa amerudi Unguja. Uamuzi wa kuhamia Dodoma ulipitishwa na TANU mwaka 1973, ukakaa miaka zaidi ya arobaini ukitekelezwa nusunusu. Bunge lilitangulia kuhamia huko, lakini mawaziri na makatibu wakuu waliendelea kukaa pwani, mpaka mwaka 2016 Rais John Magufuli alipotangaza kwamba Serikali yake yote itahamia Dodoma, na mwaka 2018 ikatungwa sheria ya kuitambua kuwa makao makuu ya nchi. Hoja iliyotolewa tangu mwanzo ilikuwa kwamba Dodoma iko katikati ya nchi na kila raia ataifikia kwa urahisi. Siipingi hoja hiyo. Mtu wa Tabora, wa Singida na wa Iringa ameshukuru. Ila anayeangalia ramani akiwa amesimama Micheweni ataona kwamba katikati hiyo imepimwa kwa nchi kavu, na kwamba kwake yeye makao makuu yamesogea bara kwa zaidi ya kilomita 400 bila bahari iliyo mbele yake kupungua hata pima moja. Wabunge wa majimbo ya Zanzibar, pamoja na wajumbe watano wanaochaguliwa na Baraza la Wawakilishi kuingia Bungeni, wanalijua hilo kila Bunge linapoitishwa, ingawa wengi wao husafiri kwa ndege na mimi naandika kwa ajili ya wasiopanda ndege.

Visiwani kwetu reli si kitu kigeni kabisa. Unguja ilikuwa na reli yake, iliyojengwa na kampuni ya Kimarekani mwaka 1905, ikitoka Mjini na kuishia Bububu, na katika miaka ya 1920 ikafungwa. Pemba haikupata hata hiyo. Sisi chuma tunakutana nacho ng'ambo tu.

Safari inaanzia Mkoani. Aliyeko Chake Chake atapanda gari nambari 603, ambalo hupita katika vilima na mabonde ya kusini ya kisiwa na kusimama kila penye mtu aliyenyoosha mkono, kwa hiyo asihesabu muda kwa kilomita. Aliyeko Wete au Konde inambidi ashuke Chake kwanza na abadilishe gari, na ikiwa meli ni ya asubuhi ni bora alale Mkoani au Chake kwa jamaa kuliko kuamka usiku na kulitumainia gari la kwanza. Hapa ndipo kiungo cha kwanza kilipo, na ndicho chepesi kuliko vyote, kwa sababu madereva wa 603 wanajua siku za meli kuliko hata baadhi ya wakata tiketi, na siku hizo hujaza magari yao mapema.

Bandarini Mkoani abiria atakuta vyombo vya aina mbili. Ipo meli kubwa inayobeba magari na shehena pamoja na watu, ambayo huenda polepole na aghalabu husafiri usiku inapotoka Unguja kuja Pemba. Na ziko boti za kasi, ambazo hukatisha bahari kwa saa chache tu lakini humtikisa abiria kwa kadiri ya mbio zake. Watu wengi huchagua boti kwa sababu ya muda. Mimi, nikiwa na mzee au mtoto mdogo, huchagua meli kubwa, na ninapokuwa peke yangu hutazama upepo kwanza.

Kuhusu upepo inafaa niseme kidogo zaidi, maana wenzetu wa bara hudhani kwamba bahari ni moja mwaka mzima. Chombo kinapotoka Mkoani kinakuwa bado kiko katika kivuli cha Makoongwe na visiwa vidogo vya jirani, maji yametulia, watu wanazungumza, watoto wanakimbizana baina ya viti. Kikishatoka hapo kinaingia katika bahari ya wazi iliyopo kati ya ncha ya Pemba na Nungwi, kaskazini mwa Unguja, nayo ni bahari yenye mkondo mkali. Wakati wa kaskazi, kuanzia mwezi wa Disemba hadi Machi, huenda ukavuka ukiwa umelala usingizi. Wakati wa kusi, hasa Juni, Julai na Agosti, boti inapokwenda kusini huwa inaukabili upepo uso kwa uso, na kila wimbi hupasuka chini ya sakafu kwa kishindo kinachosikika mpaka kwenye meno. Mhudumu hupita akigawa mifuko kabla mtu yeyote hajalalamika, na huo ndio utabiri wa hali ya hewa ninaouamini kuliko ule wa kwenye simu. Akigawa mmoja mmoja, hali si mbaya. Akikuachia mitatu bila kukuangalia usoni, toa ndimu yako. Karibu kila mama wa Kipemba anayesafiri huwa na ndimu iliyofungwa katika pindo la kanga. Huikwaruza kwa kucha, huinusa, humnusisha mtoto aliye karibu naye hata kama si wake, kisha huifunga tena ili imtoshe hadi Unguja. Anayetaka unafuu zaidi akae chini, nyuma kidogo ya katikati ya chombo, na asipande akiwa na njaa wala akiwa ameshiba sana. Kipande cha muhogo wa kuchemsha kinatosha.

Mkondo huo wa Nungwi una majonzi yake pia. Ni katika njia hiyo ambapo meli ya MV Spice Islander I ilizama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 ikitoka Unguja kuelekea Pemba, na hakuna mtaa wa Pemba ninaoujua ambao haukuzika au kumkosa mtu. Mwaka uliofuata, tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit nayo ilizama karibu na Chumbe ikitoka Dar es Salaam. Wageni hushangaa wanapowaona abiria wetu wakinyamaza kwa pamoja na kusoma dua chombo kinapopita Nungwi. Hilo halina haja ya kuelezwa kwa mtu wa huku.

Wapo wanaouliza kwa nini tusipite Tanga. Swali ni la haki, kwa sababu ukiitazama ramani utaona kwamba Tanga ndiyo bandari kubwa ya bara iliyo karibu zaidi na Wete, na biashara ya majahazi baina ya miji hii miwili ni ya zamani. Isitoshe, Tanga ni mji wa reli kuliko hata Dar es Salaam: Wajerumani walianza kujenga reli yao ya kwanza hapo mwaka 1893, miaka kumi na miwili kabla ya kuanza ile ya kutoka Dar es Salaam kwenda bara, na katika miaka ya 1960 reli hizo mbili zikaunganishwa kwa kipande cha kutoka Mnyusi hadi Ruvu. Kwa hiyo katika ramani kipo chuma kisichokatika kutoka bandarini Tanga hadi Dodoma. Katika maisha ya kila siku, abiria hana treni ya moja kwa moja ya kumtoa Tanga na kumfikisha Dodoma, na atakayepita huko atalazimika kupanda basi kupitia Segera, Chalinze na Morogoro, mwendo wa siku nzima. Kwa mwenye shehena njia hiyo ina maana. Kwa mwenye begi moja na miadi ya hospitali, siioni faida yake, isipokuwa kama ana ndugu Tanga wa kumpokea.

Turudi katika njia ya kawaida. Ukifika Unguja una chaguo mbili. Ya kwanza ni kuunga siku hiyo hiyo, ama kwa chombo kinachoendelea hadi Dar es Salaam, ama kwa kushuka na kukata tiketi ya boti ya mchana au ya alasiri. Ya pili ni kulala Unguja na kuondoka kwa boti ya kwanza ya asubuhi, ile ya saa moja. Vijana wengi huchagua ya kwanza kwa kuona kwamba wanaokoa siku. Ninawashauri wachague ya pili, na sababu yangu si uchovu peke yake. Chombo cha Pemba kikichelewa, ukalala Unguja, umelala kwa shangazi Magomeni au kwa binamu Mpendae, umekula wali wa nazi, umeamka alfajiri ukiwa na nguvu. Kikichelewa ukajilazimisha kufika Dar es Salaam usiku, umelala gesti ya kulipia katika mtaa usioujua, na treni uliyoikusudia imeshaondoka. Mpemba asiye na jamaa Unguja ni nadra, lakini Dar es Salaam si kila mmoja wetu ana mlango wa kubisha.

Kutoka Unguja hadi Dar es Salaam sina mengi ya kusema. Boti za kasi huchukua karibu saa mbili, zina viyoyozi na viti vya kutosha, zinaondoka mara kadhaa kwa siku, na hiki ndicho kipande cha safari ambacho hata mtalii wa siku moja anakijua.

Tabu huanza pale kamba zinapofungwa gatini Dar es Salaam, na hapa naomba msomaji anistahimili nikikaa kwa muda. Kwa umbali, boti na treni ni majirani. Ukitoka katika lango la bandari ukalikabili Kanisa la Mtakatifu Yosefu, stesheni iko mkono wako wa kushoto, katika barabara hiyo hiyo ya Sokoine, umbali usiozidi sana kilomita moja. Jengo jipya la Stesheni ya Magufuli, lenye kuta za vioo zilizokatwakatwa kama jiwe la tanzanaiti, limesimama karibu na stesheni ya zamani ya Reli ya Kati, na mtu mwepesi asiye na mzigo hufika kwa miguu kabla jasho halijamtoka vizuri. Nchi nyingi zingetamani bandari ya abiria na stesheni kuu zikae karibu namna hii. Lakini karibu hiyo haijatengenezwa iwe njia. Hakuna basi dogo linaloungoja umati wa botini na kuushusha stesheni, na njia ya waenda kwa miguu hukatwa na meza za wachuuzi, magari yaliyoegeshwa na mashimo, kiasi kwamba begi la magurudumu linakuwa mzigo wa kubeba kichwani.

Nilipomsindikiza shangazi yangu, tulikuwa na begi moja, boksi la halua ya Wete na kikapu cha maembe. Kabla hatujamaliza kutoka nje, kijana mmoja alikwisha kushika ukingo wa boksi.

"Bi Mkubwa, treni ya mwendokasi? Lete boksi hilo nikusogezee."

"Unisogezee wapi, mwanangu?" shangazi akamjibu bila kuliachia. "Sema kwanza bei, ndipo uguse."

Kijana akataja bei. Shangazi akacheka, akamwambia kwamba kwa pesa hiyo yuko tayari kumbeba yeye pamoja na boksi. Wakakubaliana kwa chini ya nusu ya ile ya mwanzo, na kijana, kwa haki yake, akatuvusha barabara kwa uangalifu, akatuonesha lango la abiria, na hakuondoka mpaka alipohakikisha kwamba tumeingia. Jambo moja alilisema njiani ambalo nimelikumbuka kila safari. Alisema kwamba katika watu wa Zanzibar anaowabeba, wanaomtia huruma ni wale wanaokuja mbio, kwa maana wengi wao hufika langoni likiwa limefungwa.

Lango hilo halina mzaha. Treni ya kisasa imechukua desturi za uwanja wa ndege: tiketi hukatwa kwa jina na kitambulisho, mizigo hupitishwa katika mashine, abiria huhimizwa wawepo saa mbili kabla ya safari, na treni huondoka kwa dakika iliyoandikwa. Ni mabadiliko makubwa kwa watu tuliozoea kumwona nahodha akimsubiri mtu mmoja aliyekwenda kununua mkate. Ninayasifu, maana mtu wa Morogoro anayekwenda kazini hana kosa la kucheleweshwa kwa sababu bahari imechafuka Nungwi. Lakini matokeo yake ni kwamba hatari yote ya safari imebebeshwa abiria wa visiwani. Boti ikichelewa kwa sababu ya upepo, mwenye boti hana deni, kwa kuwa amekufikisha salama. Treni ikiondoka kwa wakati, mwenye treni hana deni, kwa kuwa ametimiza ahadi yake. Na wewe uliyeshika tiketi mbili za kweli unakuwa umesimama juani barabara ya Sokoine ukiwa huna safari.

Hilo lilimkuta kijana wa kwetu aliyekuwa akirudi chuoni wakati wa kusi. Boti yake ilizuiliwa bandarini kwa saa kadhaa, na alipofika stesheni treni ilikuwa imekwisha kwenda. Alirudi katika ofisi ya wenye boti kuomba japo barua ya kueleza kilichotokea, akajibiwa kwa adabu kwamba wao huuza tiketi ya kuvuka bahari, na kwamba mambo ya treni hayawahusu. Jibu hilo lilimuudhi sana. Mimi niliona kwamba aliyemjibu alisema kweli tupu, na hapo ndipo kasoro ilipo.

Kasoro yenyewe ina mizizi katika namna usafiri unavyosimamiwa. Vyombo vya baharini vya Zanzibar viko chini ya Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar. Upande wa bara bahari inasimamiwa na TASAC, Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania. Treni na mabasi ya bara yako chini ya LATRA, Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini. Na bandari zenyewe zina mashirika yao mawili, moja kila upande. Kila chombo cha usimamizi kinatazama kipande chake, na naamini kila kimoja kinakitazama kwa bidii, lakini ile kilomita moja baina ya gati na stesheni haiko katika kipande cha yeyote. Tiketi ya pamoja, inayokatwa Mkoani na kusomeka hadi Dodoma, haingehitaji daraja wala handaki; ingehitaji mifumo ya tiketi izungumze, na makubaliano kwamba abiria aliyecheleweshwa na chombo cha kwanza atapewa nafasi katika treni inayofuata bila kulipa upya. Wakati tukilingoja hilo, hata ubao mmoja bandarini unaoonesha saa za treni, na mmoja stesheni unaoonesha saa za boti, ungewaokoa watu wengi.

Kwa sasa dawa ni kupanga safari kinyumenyume. Anza na treni: chagua ile ya mchana au ya jioni kutoka Dar es Salaam, kamwe usichague ya asubuhi, kisha rudi nyuma hadi boti ya saa moja kutoka Unguja, kisha rudi nyuma zaidi hadi siku ya meli ya Pemba. Baina ya boti na treni acha saa za kutosha kuswali Adhuhuri na Alasiri kwa kukusanya, kama safari inavyoruhusu, katika msikiti wa Kitumbini ulio karibu, na kula chakula cha mchana bila kuangalia saa. Saa hizo zitaonekana kuwa zimepotea siku ambayo bahari ni shwari, na utazishukuru siku ambayo si shwari. Katika miezi ya Aprili hadi Juni, Bunge linapokaa kwa ajili ya bajeti, kata tiketi ya treni mapema zaidi, maana nafasi hujaa, na ndio msimu ambao masika inapishana na mwanzo wa kusi.

Treni yenyewe ni sehemu ya raha, na ndiyo maana nimeichelewesha. Kaa upande wa kushoto ukiweza. Utapita Pugu na Soga, utavuka Ruvu, na ukikaribia Morogoro milima ya Uluguru itasimama dirishani mwako, kilele chake kikiwa ndani ya mawingu. Treni za kasi ya juu hukimbia hadi kilomita 160 kwa saa, na mtu aliyetikiswa na wimbi la Nungwi siku iliyopita atashangaa kuona chai haimwagiki. Baada ya Kilosa reli inaingia milimani, katika mahandaki manne yenye jumla ya kilomita 2.6. Mwanga hukatika ghafla, masikio huziba, watoto hupiga kelele, na shangazi yangu, ambaye hakuwahi kupita chini ya mlima, alisoma dua ile ile aliyoisoma baharini.

Mahandaki hayo yana sababu yake. Reli ya zamani ya mita moja, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, ilifuata bonde la mto baina ya Kilosa na Gulwe kwa kuwa ndiyo njia rahisi ya kupanda, na kwa miaka mingi mafuriko yalikuwa yakiichukua na kuwaacha abiria njiani. Reli mpya imepandishwa juu ya tuta na madaraja, na penye mlima imetobolewa. Ukitazama chini utaiona ile ya zamani ikijikunja ukingoni mwa maji. Baada ya Gulwe kijani kinaisha, mibuyu na mawe vinaanza, ng'ombe wa Wagogo wanaonekana kwa mbali katika vumbi, na hewa inayoingia mlango unapofunguliwa Igandu ni kavu kiasi cha kukausha midomo. Beba maji na mafuta ya kujipaka. Watu wa pwani hatujui ukavu mpaka tuufikie.

Anayefika Dodoma usiku asijitaabishe kwenda mbali. Alale karibu, na asubuhi ndiyo atafute usafiri wa Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, ambao uko nje ya mji upande wa barabara ya Dar es Salaam, au wa chuoni. Bajaji zipo, lakini baina ya ofisi moja na nyingine hakuna ile hali ya zamani ya Kivukoni ya kutoka mlango huu na kuingia ule.

Kurudi ni kugumu zaidi kuliko kwenda, jambo ambalo wengi hawalihesabu. Treni ya alfajiri kutoka Dodoma inakushusha Dar es Salaam mapema kiasi cha kuwahi boti ya mchana ya Unguja, na hadi hapo kila kitu kinaungana vizuri kuliko wakati wa kwenda. Lakini ukishuka Malindi, bandarini Unguja, alasiri, chombo cha Pemba huenda ni cha kesho, au cha keshokutwa, kutegemea siku ya wiki. Kwa hiyo kabla ya kukata tiketi ya treni ya kurudi, piga simu Unguja kwanza na uulize siku ya meli. Ikiwa hakuna, baki Dodoma siku moja zaidi, umalizie shughuli zako na uwanunulie watoto zabibu, badala ya kwenda kuzikalia siku mbili Unguja ukiwa umeishiwa nauli.